Korija na Mikimbio: Namna ya Kuzisoma Rekodi za Kriketi

Miongoni mwa michezo iliyoletwa Afrika ya Mashariki na Waingereza, hapana unaopenda hesabu kama kriketi. Mpira wa miguu humalizika kwa mabao mawili matatu, watu wakaenda zao. Kriketi huacha nyuma yake daftari zima, ambamo kila mpira uliotupwa na kila mkimbio uliopatikana umeandikwa. Katika madaftari hayo imezaliwa aina ya maandishi yanayostahili kutazamwa kwa jicho la uhakiki, nayo ni kitabu cha rekodi: nani alicheza akiwa mzee kuliko wote, timu gani ilipata mikimbio michache kuliko zote, mtupaji gani alikuwa bahili kupita wenzake. Makala haya yadai kwamba rekodi ni masimulizi yaliyofupishwa mno, na kwamba asomaye tarakimu pasipo kuuliza zilipatikanaje husoma nusu ya habari.

Kriketi si mchezo wa delta ya Rufiji. Vijana wa Kibiti, Nyamisati na Mohoro hucheza mpira wa miguu, na wazee bao. Walakini watu wa delta wana ujuzi wa hesabu unaofaa sana kwa shauri hili. Miti ya mikoko, iliyosafirishwa zamani kwa majahazi hata Uarabuni, ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Korija ya fito ni ishirini, na korija ya nguzo ni ishirini vilevile. Lakini mwenye kujenga nyumba hatakubali kupewa moja badala ya nyingine. Kadhalika maji ya mto. Kimo cha mafuriko chaweza kuandikwa kwa tarakimu moja, na tarakimu hiyo ikawa msiba kwa mwenye mpunga uliosombwa, kisha ikawa heri kwa atakayelima mlau katika udongo wenye rutuba ulioachwa maji yakipungua. Idadi haisemi yenyewe. Hapana budi aulizwe anayeijua.

Kriketi nayo ilianza kwa hesabu ya namna hiyo. Katika Uingereza ya karne ya 18 mhesabu alikata pengo katika kijiti kwa kila mkimbio, na neno la Kiingereza litumikalo hata leo kwa matokeo ya mchezo ndilo lilo hilo lenye maana ya ishirini. Kijiti kilionyesha mapengo mangapi. Hakikuonyesha nani aliyatoa, wala jasho lililomtoka.

Tuchukue mfano wa Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Uingereza mwezi wa Juni 1975. Ilikuwamo timu iliyoitwa Afrika ya Mashariki, yenye wachezaji wa ridhaa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Praful Mehta na Shiraz Sumar walikuwa watu wa Tanzania. Timu hiyo ilicheza michezo mitatu, ikashindwa yote. Tarehe 7 Juni, Glenn Turner wa New Zealand aliipiga mikimbio 171 bila kutolewa, idadi ambayo haikupitwa katika michezo ya kimataifa ya siku moja mpaka Kapil Dev wa India alipopata 175 mwaka 1983. Siku nne baadaye Bishan Bedi wa India alitupa ova 12 dhidi ya timu iyo hiyo. Nane hazikutoa mkimbio wowote, na zote kwa jumla zilitoa mikimbio 6 tu. Ova 12 ndizo zilizokuwa ukomo wa mtupaji siku hizo; baadaye ukomo ukawa 10. Kwa hiyo hesabu ya Bedi imesimama pale kama kinara kilichoachwa na njia: hakuna awezaye kuifikia, kwa kuwa sheria yenyewe imehama.

Hivyo ndivyo Afrika ya Mashariki ilivyoingia kwanza katika vitabu vikubwa vya mchezo huu: ikiwa uwanja wa sifa za watu wengine. Lakini msomaji akifungua daftari la mchezo wa tatu, dhidi ya Uingereza, ataona jina la John Nagenda wa Uganda, aliyekuwa na umri wa miaka 37. Mchezo wake wa kimataifa wa aina hiyo ulikuwa huo mmoja, na wiketi yake ilikuwa hiyo moja. Jedwali halisemi zaidi. Halisemi kwamba mtu huyu alisoma Makerere, akawa mwandishi, na kwamba mwaka 1986 riwaya yake, The Seasons of Thomas Tebo, ilichapishwa. Alifariki mwaka 2023. Mwanafunzi wa fasihi amjuaye Nagenda wa riwaya, na mpenzi wa kriketi amjuaye Nagenda wa wiketi moja, kila mmoja ameshika nusu ya mtu.

Rekodi za umri nazo zataka kusomwa kwa makini. Wilfred Rhodes alianza kuichezea Uingereza mwaka 1899, akacheza mchezo wake wa mwisho mwaka 1930 huko Kingston, akiwa na miaka 52. Mpaka leo hajapatikana mzee wa kumpita katika michezo ya Test. Kwetu yupo Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliyepata pia kuichezea Kenya mchezo wa tenisi katika Kombe la Davis. Alikuwa amekwisha kustaafu kriketi alipoitwa tena kwa Kombe la Dunia la 2003. Tarehe 15 Machi, katika mji wa Durban, akiwa na miaka 39, aliwatupia Waaustralia mipira 50, akatoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi tatu. Kenya ilishindwa, na safu ya matokeo yasema hivyo tu.

Zaidi ya huyo ni Frank Nsubuga wa Uganda. Alianza mashindano ya kimataifa mwaka 1997, akiwa na miaka 16, katika timu ya Afrika ya Mashariki na Kati. Tarehe 5 Juni 2024, huko Guyana, akiwa na miaka 43 na mkubwa kuliko wachezaji wote wa Kombe la Dunia la ova ishirini, alitupa ova zake 4 dhidi ya Papua New Guinea kwa mikimbio 4 na wiketi mbili. Uganda ikashinda. Katika mashindano hayo hapakuwa pametokea mtupaji bahili kuliko yeye kwa ova nne kamili. Tarehe 17 Juni, Lockie Ferguson wa New Zealand aliwatupia Papua New Guinea hao hao ova 4 bila kutoa mkimbio hata mmoja. Basi kazi ya miaka 27 ilizaa rekodi ya siku 12. Je, imepungua thamani? Jedwali litajibu ndiyo, kwa sababu jedwali hutunza nafasi ya kwanza peke yake. Mhakiki atajibu kwamba siku 12 ni umri wa rekodi, na miaka 27 ni umri wa mtu.

Yatupasa tujihukumu na sisi pia. Tangu Julai 2018 kila mchezo wa ova ishirini wa wanawake baina ya nchi wanachama huhesabiwa kuwa wa kimataifa, na kwa sababu hiyo rekodi za ajabu zimeongezeka ghafula. Mwezi wa Juni 2019, huko Rwanda, timu changa ya Mali ilitolewa na wenyeji kwa mikimbio 6 tu. Siku chache baadaye Tanzania iliipiga mikimbio 285 kwa kupoteza wiketi moja. Fatuma Kibasu alipata 108 bila kutolewa, na Mali ikapata 17. Ni haki kumsifu Kibasu. Lakini ikiwa twalalamika kwamba mwaka 1975 tuliandikwa kama ngazi ya Turner, si uungwana kuiandika Mali kama ngazi yetu na kunyamaza. Korija ile ilikuwa ya fito.

Huenda mtu akasema kwamba tarakimu ina haki yake, kwa kuwa haipendelei. Neno hili ni kweli. Bingwa wa bao aweza kutawala baraza la kijiji miaka thelathini, na akifa ushindi wake ukabaki midomoni mwa rika lake, kisha ukafa nao. Ilhali wiketi moja ya Nagenda imehifadhiwa. Kwa hiyo hatusemi vitabu vya rekodi vitupwe. Twasema viandikwe kwa Kiswahili vikiwa na safu moja zaidi, ya maneno, ieleze mpinzani alikuwa nani, sheria ilikuwa ipi, na mchezaji alitoka wapi. Mwanafunzi wa Kibiti asiyepata kushika gongo la kriketi aweza kuianza kazi hiyo, maana yeye amekwisha kujua kuuliza: ishirini, lakini ishirini za nini?