Upindo wa Sare

Sanduku la marehemu bibi lilikaa miaka chini ya kitanda cha mama mkubwa, Temeke. Siku tulipolifungua, harufu ya udi ikatangulia, kisha kanga. Kikundi chake cha ngoma hakikuacha daftari wala picha. Kiliacha doti moja iliyochujuka, jina halisomeki tena, lakini ncha zake zimepindwa kwa mkono, mishono midogo iliyoshikana.

"Hiyo sare yao," mama mkubwa akasema.

Leo fundi cherehani wa barazani anakupindia doti ukiwa umesimama. Zamani sare ilinunuliwa kwa pamoja na kupindwa kwa pamoja, mkekani, huku wimbo mpya ukijaribiwa. Mama mkubwa alinifundisha. Mkasi unagusa ukingo tu, kisha unachana kwa mikono miwili, maana pamba ikichanwa hufuata uzi wake, haiendi mshazari. Unakunja mara mbili, wembamba kabisa, unakandamiza kwa ukucha mpaka mkunjo ulale. Sindano inaokota nyuzi mbili tatu, si zaidi. Ukivuta sana, upindo unajikunyata. Ukilegeza, unafumuka kabla ya kufuliwa mara ya tatu. Nilifumua mara nne. Sijui kazi nyingine inayodai subira hivyo kwa kitu ambacho mtazamaji hatakiona.

Na kanga yenyewe ilizaliwa na sindano: karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zikiwa hazijakatwa, wakaziunga, kabla wafanyabiashara hawajaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa.

Mkeka ule wa kupindia sare ndio unaonieleza mambo ya 1955. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba hapa Dar es Salaam, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Kwa miezi michache wakajiunga wapatao 5,000. Mwanahistoria Susan Geiger aliwasikiliza wanawake hao wenyewe, na kitabu chake kilichotoka 1997 kinawapa nafasi wanayostahili. Mimi naongeza hili tu: watu waliokwisha kuchangiana fedha ya sare, wakaketi goti kwa goti wakipindiana, hawakuhitaji kufundishwa umoja jukwaani.

Nikaigeuza doti kwenye mwanga wa dirisha. Ncha moja mishono imelala kulia. Nyingine imelala kushoto, tena imebana zaidi. Nikamwonyesha mama mkubwa. Akaipitishia kidole, polepole, akarudia.

"Hapa si mama. Huyu somo yake. Alikuwa na mkono wa shoto."

Jina lake akalitaja, mara ya kwanza kulisikia nyumbani kwetu. Uzi ulikuwa umekatika kipande cha shibiri moja, palepale kwa somo. Nikatunga sindano, nikaanza kutokea upande wa pili, ili mishono yangu ilale kama alivyoilaza yeye.