Heko, mabibi wa ngano

Heko kwa mabibi wa Shinyanga na Geita, mafundi wa kusimulia. Katika ngano ya Kisukuma, zimwi Shing'weng'we lameza kijiji kizima. Anasalimika mjamzito aliyejificha kwenye pumba, akamzaa Masala Kulangwa. Kijana analiua, analipasua, watu wanatoka. Lakini katika kupasua anamkata bibi kizee sikio. Bibi anatukana, anataka kumloga mwokozi wake! Masala Kulangwa anamtafutia dawa, anamponya.

Ufundi uko hapo: ubaya haukufa na zimwi, na shujaa naye hujeruhi. Kanda hii imeona vikongwe wakikatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu tu, mekundu kwa moshi wa kuni. Ngano imekwisha kumjibu mshika panga: hata kikongwe mwenye hasira hutibiwa, hauawi. Mola awajalie wajukuu wasikivu.