Uhakiki wa Istilahi "Chembechembe za Mkazo" katika Biolojia ya Seli

Istilahi hii ina kasoro mbili. Ya kwanza, na kubwa zaidi, ni "chembe", neno linalompa msomaji picha ya kitu kigumu, mfano wa punje ya mchanga. Kinachoelezwa hakina utando. Seli inapopatwa na joto kali au sumu, utengenezaji wa protini nyingi husimama. RNA zilizobaki bila kazi hukutana na protini kama TIA-1 na G3BP1, zikajitenga mithili ya tone la mafuta majini. Hali ikitulia, tone huyeyuka. Mkazi wa Tengeru aonaye ukungu ukijikusanya miteremkoni mwa Mlima Meru, kisha ukatawanyika jua lipandapo, ana picha sahihi kuliko anayopewa na neno hilo. Ni kweli kwamba ndani ya tone mna kiini kilichoshikamana zaidi, na hapo watetezi wa "chembe" wana hoja, ingawa ndogo.

Kasoro ya pili ni "mkazo", neno lililokwisha kuzoeleka katika fonolojia. "Matone ya dhiki" yangefaa zaidi.

Mfano wa kufundishia uko karibu: mwaka 1983 Nover na wenzake walieleza mikusanyiko ya protini iliyosababishwa na joto katika seli za nyanya, zao la wakulima wa Meru.

Athari ya istilahi huonekana wazi katika somo la magonjwa. Kwa wagonjwa wengi wa ALS, protini TDP-43 hukutwa imeganda kwenye neva, na watafiti kadhaa wanashuku matone yaliyoshindwa kuyeyuka. Aliyeanza na "chembe" hatambui kilichoharibika, kwani ugumu ameshauhesabu kuwa hali ya kawaida.