Amri moja, miradi kumi: d2-app-scripts inasaidia nini, na inaacha nini?

Mwisho wa mwezi, zahanati za Chamwino hujumlisha takwimu kutoka vitabu vya MTUHA, kisha takwimu hizo huingizwa DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi zaidi ya 70. Wewe unaona mfumo mmoja kwenye kivinjari. Ndani yake kuna msururu wa programu ndogondogo za JavaScript: ya kuingiza takwimu, ya ramani, ya dashibodi. Kila moja ni mradi wake, wenye mipangilio na vifurushi vyake vya kutunza.

Hapo ndipo inapoingia d2-app-scripts. Unaanza na mradi uliokwisha pangwa. "Start" inauendesha kwenye kompyuta yako, "build" inaufungasha, "deploy" inaupeleka kwenye seva. Ukiujua mradi mmoja, umeijua njia ya kuingia kwenye mingine yote. Kwa mwanafunzi anayerithi programu ya mtu aliyehitimu, hilo si jambo dogo.

Faida yake kubwa ilionekana pale Create React App, zana iliyokuwa chini yake, ilipozeeka. Februari 2025 timu ya React iliistaafisha rasmi. Wakati huo d2-app-scripts ilikuwa tayari imehamia Vite. Sehemu ngumu ilifanyika mara moja, mahali pamoja. Wenye miradi wakabaki na kazi ndogo zaidi, kama kubadili viishio vya majina ya mafaili.

Sasa, lawama yangu. Zana hii inaurahisisha sana mwanzo, wakati shughuli yenyewe iko mwaka wa tatu. Mradi mpya huja na jaribio dogo linalothibitisha tu kwamba programu inafunguka bila kuanguka. Tuseme programu yako inajumlisha watoto waliochanjwa Buigiri, Chilonwa na Mvumi. Kifurushi kimoja kinabadilika, na zahanati ambayo haijaleta ripoti inaanza kuhesabiwa sifuri. Ukurasa unafunguka vizuri, jaribio linapita, alama ya kijani inawaka. Lakini wilaya inasoma kwamba watoto hawakuchanjwa, kumbe karatasi tu ndiyo haijafika.

Utasema, basi tuweke roboti kama Dependabot au Renovate, zilete masasisho zenyewe. Sawa, lakini roboti inajua namba ya toleo. Maana ya sifuri haijui. Na haraka nayo ina hatari zake: Septemba 2025 programu hasidi iliyoitwa Shai-Hulud ilijisambaza yenyewe kupitia mamia ya vifurushi vya npm. Aliyepokea kila toleo jipya papo hapo ndiye aliyekuwa mlangoni.

Kwa hiyo itumie zana hii, tena bila wasiwasi, hasa ukiwa na miradi mingi na watu wachache. Ila kabla hujaikaribisha roboti, andika majaribio ya hesabu zenyewe: sifuri, nafasi tupu, ripoti iliyochelewa. Kisha yaache masasisho ya kawaida yakae siku kadhaa kabla ya kuyapokea. Ya kuziba tundu la usalama yapitie haraka, mtu akiyasoma. Kupanga mradi, mashine inaweza. Kujua kama idadi ya watoto wa Chilonwa ni sahihi, hiyo bado ni kazi yako.