Muyaka, Aliyeisemea Mvita

Wako waandishi wanaowatungia wakubwa hotuba, kisha wenyewe wasijulikane. Mombasa, yaani Mvita, ilipata mshairi aliyefanya kazi hiyo hadharani. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi kutoka mwishoni mwa karne ya 18 hadi yapata mwaka 1840, aliutetea mji wake na utawala wa ukoo wa Mazrui kwa tungo zilizojulikana na kila mtu kuwa zake. Lawama na sifa zote zilimwangukia yeye.

Wakati wake ulikuwa mgumu. Sayyid Said bin Sultan wa Oman alikitaka kisiwa cha Mombasa, na Mazrui waliokuwa ndani ya Ngome ya Yesu walikataa kumtii. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na Waamu, wenyeji wa Lamu, pale Shela. Mwaka 1824 mji ukapandisha bendera ya Uingereza chini ya nahodha William Owen, na mwaka 1826 himaya hiyo ya Uingereza ikaisha. Katika misukosuko hiyo palihitajika mtu wa kumtisha adui, kuwatia moyo wapiganaji na kuwaonya wenyeji wasigawanyike. Muyaka aliyafanya yote matatu.

Chombo chake kilikuwa shairi: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Katika mizani 64 hakuna pa kuweka neno la kujazia. Mtunzi huchagua hoja moja, akaifumba au akaifumbua, kisha akaikaza kwenye kituo. Vina navyo huyafanya maneno yashikike, hata aliyeyasikia mara moja barazani akayafikisha bandarini, na mabaharia wakayavusha hadi Lamu. Huko alikuwako Zahidi Mngumi, mshairi na mtu wa siasa, naye hakukosa la kusema. Malenga wa siku hizo alijua kwamba neno lake litajibiwa, tena na watu wanaojua mizani kama yeye. Kwa hiyo alilipima kabla ya kulitoa.

Hichens, mhariri wa diwani yake, alimsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Kwa hakika Muyaka alitunga kwa Kimvita cha watu, akaimba mapenzi, ufukara na urafiki uliovunjika. Naamini hapo ndipo siasa yake ilipopata nguvu. Watu waliokwisha kuyasikia machungu yao kinywani mwake walikuwa tayari kumsikiliza alipozungumzia vita.

Mwaka 1837 Mombasa iliangukia mikononi mwa Sayyid Said, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa mbali. Maneno yalibaki. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kutoka vifuani mwa wazee, akayaandika na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor. Mwaka 1940 Hichens akaichapisha diwani Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa utafiti wake mkubwa juu ya Muyaka. Bila kalamu ya Sikujua tungekuwa na jina tupu.

Mji huu haukuacha kuzaa watu wa namna hiyo. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka wa kuihoji serikali, Kenya: Twendapi?, akalipa kwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani akatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki. Muyaka aliwatetea watawala, Abdilatif aliwahoji. Wote wawili waliheshimu neno.

Nawe unayemwandikia mbunge au gavana hotuba ya kesho, keti kwanza na diwani ya Muyaka. Punguza maneno mpaka yaliyobaki yashikike. Sema kwa lugha ya wanaokusikiliza. Na lolote usiloweza kulitetea mbele ya mjuzi wa kulijibu, usimtilie mwenzako kinywani.