Ugonjwa Haukuwa kwenye Barua Pepe

Asubuhi ya Jumanne, Machi 23, 2021, ami mmoja wa Shela anayetembeza wageni kwa mashua alinikuta Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, simu mkononi na uso umemkunjana.

"Mwanangu, hini barua pepe yanitoa. Naifungua, yanitoa."

Nikaigusa Gmail. Weupe ukatanda kwenye kioo, kufumba na kufumbua tumerudi kwenye picha za mwanzo. Nikajaribu tena, vilevile. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia simu imekufa ndani, dawa yake ni kuifuta yote ianze upya. Ami hakuwa na raha na dawa hiyo. Mle ndani zilikuwamo picha za marehemu mamake, na hakuwa amezihifadhi kwengine kokote.

"Umeweka programu mpya jana, ami?"

"Sikugusa kitu. Nimelala, nimeamka, iko hivi."

Nilimwamini, na imani hiyo ndiyo iliyotuokoa. Mafundi tuna kasoro ya kudhani kwamba mwenye simu anaficha jambo. Lakini mtu akisema hakugusa kitu, na barua pepe imeharibika usiku mmoja, basi kuna kitu kingine kilichoigusa simu yake naye amelala.

Kwa hiyo sikuanza na Gmail. Nilianza kutenganisha zinazofunguka na zisizofunguka. Kikokotoo kilifunguka. Kamera ilifunguka. Simu ilipiga na kupokea. Menyu ya M-Pesa ya kwenye laini, ile iliyopo tangu 2007, ilifanya kazi bila tatizo. Zilizokufa ni barua pepe, programu ya benki na moja ya ununuzi. Zilikuwa na jambo gani la pamoja? Zote tatu huonyesha kurasa za wavuti ndani yake, na kwenye Android kazi hiyo programu nyingi hazifanyi kwa nguvu zao. Huazima kifaa kimoja cha mfumo kiitwacho Android System WebView.

Kifaa hiki hakina alama ya kugusa, ndiyo maana watu wengi hawajui kuwa wanacho. Tangu Android 5 ya mwaka 2014 husasishwa peke yake kupitia Play Store, bila kungoja mfumo mzima ubadilishwe. Kwenye Android 7 hadi 9 kazi yake hufanywa na Chrome. Kuanzia Android 10 imerudi kwa WebView yenyewe. Nacho hakikai pembeni kikiitwa: huingia ndani ya programu iliyokiazima, kikianguka huiangusha nayo. Anayeonekana kufa ni Gmail, kwa sababu jina lake ndilo lililo mlangoni.

Google walieleza baadaye kwamba kosa lililoiangusha WebView usiku ule lilikuwa kwenye utaratibu ambao Chrome na WebView hupokelea mipangilio na majaribio kutoka kwenye seva. Utaratibu huo huwezesha jambo jipya kuwashwa au kuzimwa kwenye mamilioni ya simu bila toleo jipya. Kosa lilianza Jumatatu alasiri kwa saa za California, na kwetu Amu ulikuwa usiku wa manane. Ami alikuwa amelala kweli.

Niliingia kwenye mipangilio, nikaitafuta WebView katika orodha ya programu, nikaondoa masasisho yake tu. Ikarudi kwenye toleo lililotoka nalo kiwandani. Nikagusa Gmail. Ikafunguka, ikatulia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kuifuta simu yote kungeponya vilevile! Ukiifuta, WebView nayo hurudi kwenye toleo la kiwandani, sawasawa na nilivyofanya mimi kwa kugusa mara mbili. Fundi yule angeona Gmail inafunguka, angeamini alikuwa sahihi, na mteja wa kesho mwenye ugonjwa mwengine kabisa angepewa dawa ileile. Picha za mama zingekwenda kwa kosa ambalo halikuwa hata la simu ile. Tiba ikifaulu bila kujulikana kilichotibiwa, fundi hajifunzi kitu.

Hata tiba yangu haikuwa ya kuachwa hivyo. Toleo la kiwandani ni la zamani, lina mianya ya usalama iliyokwisha kuzibwa katika matoleo ya baadaye, na mtu huingilia benki humo humo. Nilimwambia ami arudi, asizunguke nalo wiki nzima. Google walitoa toleo 89.0.4389.105 la Chrome na WebView, na kulisasisha ndiko kulikomaliza kazi.

Mwaka uliotangulia, Julai 10, 2020, wenye iPhone walionja jambo la aina hii. Spotify, TikTok na Pinterest zilijifunga zenyewe kwa sababu ya kipande cha programu cha Facebook kilichokuwa ndani yake, baada ya badiliko upande wa seva za Facebook. Kule waliponywa kutoka kwenye seva hukohuko, mwenye simu hakufanya lolote. Ya WebView ilihitaji mkono wa mwenye simu, na hapo ndipo watu wa Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu, walipohitaji mtu wa kuwaeleza.

Siku nyingi ugonjwa huwa mdogo kuliko huo. Ikijifunga programu moja tu, natazama kwanza nafasi. Simu iliyojazwa video za harusi na za madrasa hukosa pa kuandikia, na programu inayoshindwa kuandika huanguka. Nafasi ikiwepo, nafuta akiba ya muda ya programu hiyo, kisha naisasisha. Kufuta data yake ni jambo jengine kabisa: kwenye WhatsApp hiyo ni kuondoa mazungumzo simuni, kwa hiyo siligusi mpaka niwe nimehakikisha nakala ipo.

Baada ya alasiri ami alirudi. Tulisasisha, tukazima simu na kuiwasha, Gmail ikafunguka. Kabla ya kusoma barua ya mgeni hata mmoja, alinipa simu tena.

"Hizi picha za mama, niwekee mahali pengine."