Chuku Isiyokatizwa: Filamu ya Münchhausen

Fanani wa Mukuyuni, Ukambani, apigapo chuku, hadhira humcheka na kumkatiza; ndivyo ilivyo pia kwa visa vya Abunuwasi huko pwani. Uongo wa ngano hutungwa na watu wawili. Filamu ya Münchhausen, iliyoongozwa na Josef von Báky na kuonyeshwa Berlin mwezi Machi 1943, mwezi mmoja tu baada ya Wajerumani kusalimu amri Stalingrad, yamnyima msikilizaji nafasi hiyo. Baroni aruka juu ya kombora la mzinga, tena kwa rangi, na jicho halina la kujibu. Huo ndio udhaifu wake kifasihi, ingawa ufundi wake ni wa kustaajabisha.

Mswada, hata hivyo, wastahili kusomwa peke yake. Aliyeuandika ni Erich Kästner, ambaye vitabu vyake vilichomwa moto mwaka 1933. Alijificha nyuma ya lakabu Berthold Bürger, akimkumbusha msomaji G. A. Bürger aliyevisimulia visa hivi kwa Kijerumani mwaka 1786. Katika orodha ya watengenezaji inayofungua filamu, hata lakabu hiyo haimo.